Faili la Sitini na Moja

Baraza limeamua: vibali sitini kwa mwaka,
si zaidi, kwa nyumba zote za upande wa Enyau.
Mimi ndiye ninayehesabu.
Mhuri kushoto, kidau cha wino kulia,
na meza inayoyumba
niliyoitilia kigae cha tofali mguuni.

Kufikia Machi, arobaini vimekwenda.
Bwana Afeku alileta ramani nne kwa siku moja:
moja jina lake, moja la mkewe,
mbili za wanawe, mmoja bado ananyonya.
Karatasi safi, mistari imenyooka,
kila chumba na choo chake cha kuvuta maji.
Nilitafuta kifungu cha kumkatalia.
Sheria inahesabu nyumba,
haihesabu mifuko zinakoingia.

Driciru alikuja Juni, unga wa muhogo kwenye kucha.
Ramani yake imechorwa kwa penseli na mpwa wake:
vyumba viwili, jiko la nje,
choo hatua ishirini kutoka kijitoni.
Nikamwambia, zinatakiwa thelathini.
"Hatua za nani?" akauliza. "Zangu au zako?"
Sikuwa na jibu. Nikamwazima ufutio.

Aliporudi Agosti, choo kimehamia kwenye mgomba,
mgomba umehamia kwa jirani,
na cha sitini kilikuwa kimetoka
asubuhi ileile, kabla ya chai.

Matofali yake aliyachoma misimu miwili iliyopita.
Yamefunikwa nyasi, nyasi zimeoza,
na kila mvua inakula pembe.
"Jana imekula dirisha," ananiambia,
kama mtu anayetoa habari za mgonjwa.

Lakini msidhani sijui kilichotufikisha hapa.
Ile chemchemi ya chini tulikunywa kwa viganja,
tukarudi na madoa ya tope magotini.
Kisha wakaja wenye mafuso ya kifusi,
wakazika matete yangali yanachanua,
wakachimba vyoo juu, wakapangisha chini.
Munguci wa dada yangu alilala siku kumi,
sindano ya maji mkononi, midomo kama karatasi.
Na mwaka wa mvua kubwa
mto uliingia nyumbani mwa watu usiku,
bila kubisha, ukakaa kitandani.
Wakasema umevamia.
Maji yana hati ya zamani kuliko zote ninazozitunza.

Basi nikigonga *Subiri*, nagonga kwa imani.
Nusu ya imani.

Maana mimi nimepanga chumba kimoja kule Oli,
bati moja, kitasa kimoja, ukuta unaosikia yote.
Septemba mwenye nyumba alipandisha kodi,
elfu themanini ikawa mia na thelathini.
"Vyumba vimeadimika, binti yangu.
Wasalimie ofisini kwenu, wanafanya kazi nzuri."
Akanipa risiti isiyo na mhuri.
Nilicheka mpaka akaondoka,
ndipo nikahesabu sarafu za kwenye kopo la chumvi.

Leo ni siku ya mwisho ya kazi.
Faili la sitini na moja liko kwenye droo,
limenuka unga.
Nimezungusha gurudumu la mwaka kwenye mhuri,
limekwama kati ya tarakimu mbili:
nusu mwaka huu, nusu ujao.
Na pale langoni, tangu saa tisa,
kijana wa Afeku ameketi juu ya kofia yake ya pikipiki,
bahasha nene ndani ya koti.
Sikuuliza ni ngapi safari hii.

Nimempigia Driciru.
Nikamwambia, njoo na mkeka, njoo na blanketi,
ulale kwenye veranda hadi ofisi ifunguliwe;
mlinzi Ezaruku hatakufukuza,
na foleni haina jina wala cheo.

Akanyamaza. Nilisikia sokoni nyuma yake
mtu akipigia kelele bei ya samaki.
"Na kulala hapo kwenu," akasema,
"nako kuna kibali?"

Nikafungua kitabu cha sheria,
kweli nikakifungua,
simu ikiwa bado sikioni.