Shati la Agosti

Hapa Sanok, mitufaha ikichanua
kila mtu anajua: mitihani imefika.
Vijana huvuka daraja la mto San
mashati meupe, suti nyeusi za kuazima,
utadhani mji mzima unakwenda kumzika mtu
ambaye hakuna aliyempenda.

Mwanangu Błażej amelivuka daraja hilo mara tatu.
Alama kumi na nne kati ya hamsini.
Kumi na nne tena.
Halafu kumi na tatu, kwa sababu, alisema,
safari hiyo alijaribu kufikiri.
Mlango hufunguka kwa kumi na tano.

Na huyu ndiye anayetambaa ndani ya vinanda vya makanisa
kutoka hapa hadi mpakani mwa Slovakia,
tochi mdomoni, vumbi la miaka mia kwenye nywele,
anagusa filimbi ya bati kwa kidole, anasikiliza.
"Sauti mbili zikikaribiana bila kulingana," ananiambia,
"hutetema, mama, kama watu wanaozozana.
Unasogeza unywele mmoja.
Zinatulia. Zimekuwa moja."
Mwalimu Wierzbicki anasema hiyo ni fizikia,
ina mlinganyo wake, mstari mmoja tu,
akamwandikia kwenye karatasi.
Błażej aliifungia mkate.

Mwezi wa sita walituita wazazi ukumbini.
Hesabu na sayansi zibaki lazima
hadi mwaka wa mwisho, au ziwe hiari?
Mama mmoja akasimama: binti yangu ni mcheza dansi,
logarithimu zitamrusha juu zaidi?
Mwenye duka la matairi akajibu bila kuinuka:
bila lazima, mimi nisingepiga hata mswaki.
Ukumbi ukacheka.
Mimi nilikuwa nafikiria faranga.

Nina miaka ishirini na sita, mimba yake ina miezi saba,
tumekaa benki, kijana mwenye tai ya kijani
anageuza kurasa kwa ncha ya kalamu.
Mkopo wa nyumba, kwa faranga za Uswisi.
Riba ndogo, akasema, ndogo mno,
haba na haba.
Hakumaliza methali.
Hakusema kibaba ni cha nani.
Palikuwa na alama ya asilimia,
viduara viwili na mstari wa mshazari,
ikinitazama kama uso unaokonyeza.
Wakati wetu mtihani wa hesabu haukuwa lazima.
Niliukwepa, nikajiona mjanja.
Nikapiga sahihi.

Faranga ikapanda, ikapanda tena.
Wanasema hiari yashinda utumwa.
Hiari yangu imenitumikisha miaka ishirini.

Usiku huo nilimsimulia Błażej yote, jikoni.
Unaona? nikasema. Lazima ni ngao.
Alikuwa anamenya kiazi, ganda moja refu lisilokatika.
Akaniuliza, hata hakuinua macho:
"Yule kijana wa tai, na wakubwa zake
walioandika ule mkataba,
wao hesabu walipata ngapi?"

Kiazi kikatumbukia sufuriani.
Sikuwa na jibu. Nimetafuta tangu siku ile,
nikishona, nikipanga foleni ya nyama.

Ijumaa nilirudisha karatasi, imekunjwa mara nne.
Nilipiga kura: lazima.
Mkono haukutetemeka.
Nilitaka utetemeke kidogo.

Sasa ni Agosti. Kesho anaingia mara ya nne.
Nimepiga pasi shati, kola kwanza, kisha mikono.
Kumi na tano, nasema kila pasi inapopita,
si hamsini, Mungu wangu, kumi na tano tu.
Yeye yuko chumba cha pili anapiga hesabu;
namsikia akigonga meza kwa vidole,
anasita, anarudi nyuma,
anasogeza kitu, labda unywele mmoja,
ananyamaza.

Sijamwambia.