Jozi

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umeganda,
kinachotembea ni mvuke wa pumzi zetu.
Urve amenishika mkono wa kushoto
kwa sababu, asema, upande ule mwingine una watu.

Leo tunapigwa picha za ubongo, yeye na mimi.
Daktari Raudsik anamtaka pacha wa pili,
yule mzima, wa kulinganishia,
kama fundi anavyoomba aone kiatu kilichosalia.

Tulikuwa kurwa na doto
hata mkunga akatufunga utepe vifundoni,
mwekundu kwake, wa kijani kwangu.
Ila kizingo cha nywele utosini kwake kilizunguka kushoto,
changu kulia,
na tuliposimama uso kwa uso hatukuhitaji kioo.

Kulia: neno moja, mkono na machozi.

Mama alitufumia glavu za sufu, nyota mgongoni,
jozi mbili zisizotofautiana hata fundo.
Mwaka wa kumi na tisa Urve aligeuza zake ndani nje
akasema mama amefuma maneno humo.
Mama akakesha akizifumua, uzi kwa uzi,
amwoneshe kwamba hamna kitu.
Asubuhi palikuwa na rundo la sufu mezani.
Urve akalisoma.

"Vueni herini, pini, saa, kila chuma."
Mashine ya sumaku inagonga kama fundi bati aliyekasirika.
Kabla ya kuingia, dada yangu anauliza:
"Na wao, watatokea kwenye picha?"
Daktari hacheki. Anasema, "Sijui. Lala vizuri."

Kisha kioo cha kompyuta, na bongo mbili za kijivu
zimekaa bega kwa bega,
makunyanzi yao kama kokwa la jozi lililopasuliwa.

Daktari anaeleza huku akipaka hewa kwa kalamu:
kichwa cha binadamu hakikukatwa sawasawa.
Kwa walio wengi, kushoto huwa kumejaa zaidi
pale nyuma ya sikio, maneno yanapopokelewa.
Kwa wenye skizofrenia upogo huo hupungua,
pande mbili hukaribia kufanana.

Nami nilikuja kutafuta ufa!
Miaka thelathini nikiwaza nyumba iliyoinama,
kumbe huenda kosa ni kunyooka mno,
pande mbili zimekubaliana
na hakuna wa kumwambia mwenzake, "Nyamaza, huyo ni wewe."

"Nioneshe," nikasema. "Kwa Urve, ni wapi?"

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya koti.
"Hapa sioni kitu. Tofauti ni nyembamba kuliko unywele.
Tunaiona tunapojumlisha maelfu ya vichwa,
na katika kichwa kimoja inazama."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona:
katikati ya picha ya kushoto
vile vyumba vya maji, vyeusi, kama mbawa za kipepeo,
vipana kuliko vya picha ya pili.
Nikaanza kumhurumia dada yangu.
Nilimhurumia kwa dakika nzima, kwa utulivu,
kama mtu anayejua kazi yake.

Ndipo nikasoma herufi ndogo pembeni.
HELJU.

"Si kitu," Daktari akasema haraka. "Watu hutofautiana."
Si kitu. Naam. Kwangu si kitu.
Ingekuwa yake, tungeiita sababu.

Nje theluji imeanza tena.
Urve ananunua pai ya kabichi, anaimega,
ananipa kipande kikubwa.
"Walionekana?"
"Hapana."
Anatafuna, anafikiri.
"Hata wako?"

Sina jibu. Navaa glavu upesi
na kidole gumba kinakataa kuingia.
Urve anatazama, anaanza kucheka,
kicheko chake cha zamani, cha kabla ya sufu:
nimevaa ya kulia kushoto.