Safu ya Madeni

Mume wangu ana mwandiko wa kuku,
kwa hiyo kila Desemba naandika mimi.
Yeye anasoma fomu, anakohoa, anasema "andika,"
na mvua ya Mafinga, ile nyembamba isiyojua kwao,
inachekecha juu ya bati.

Andika nyumba moja, Kinyanambo, vyumba vitano.
Naandika.
Andika gari. La mwaka gani lile? La zamani.
Naandika "la zamani." Hapana, weka mwaka,
watu wa Maadili hawataki sifa, wanataka tarakimu.
Ng'ombe wanne wa maziwa. Mmoja ana mimba.
Tunabishana kidogo kama mimba nayo ni mali.
Akiba ya benki. Hisa za ushirika wa chai.
Cherehani yangu, maana mwenza naye huhesabiwa,
na watoto pia, wakiwa hawajafika kumi na minane.

Tunafika ukurasa wa mashamba.
Anavua miwani.
"Ekari mbili za mahindi. Basi."

Kalamu inasimama.
Misonobari ile niliipanda mimi.
Nilikuwa na mimba ya Adelina, nikachuchumaa
mche kwa mche, ekari arobaini,
nikirudi nyumbani nimeinama kama ndoano.
Leo ina miaka kumi na mmoja. Upepo ukiipitia
inavuma kama kanisa kabla padri hajaingia.

"Ile si yetu," anasema. "Soma hati."

Hati naijua.
Hati inasema Gaudensi Muyinga.

Gaudensi ndiye huyu anayeingia na jiko la mkaa,
gunia kichwani dhidi ya mvua, katambuga miguuni.
Analisogeza jiko karibu na soksi za bosi,
anapuliza mpaka machozi yanamtoka.
Bwana shamba wa ekari arobaini!
Siku ile alipewa karatasi aweke dole gumba,
akaambiwa ni ya chanjo ya ng'ombe.
Akaweka. Akafuta wino kwenye suruali.
"Mama, kesho nikakate majani upande gani?"
Upande wowote, baba.
Moyoni nikasema: kakate kwako.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
tulikaririshwa shuleni tukiwa na meno ya maziwa.
Mume wangu ameipindua:
iliyo nje ya daftari ndiyo haipotei.
Siku ya kuvuna, anasema, Gaudensi ataweka tena dole.
Na akifa kabla?
Na akijua kusoma?
Jumapili namwona akifuatisha kitabu cha nyimbo,
kidole kinatembea juu ya herufi polepole
kama mtu anayekagua mpaka.

"Haya, malizia madeni,"
anasema, anainuka kupokea simu.
Mkopo wa benki, nimejaza.
Duka la saruji, nimejaza.
Mstari wa tatu uko wazi, mweupe,
unanitazama.

Namsikia barazani akimwambia mtu
kwamba fomu ya mwaka huu imekwenda vizuri,
ya kwake safi, hana cha kuficha, aje nani akague.
Jiko linapasua cheche moja, linatulia.
Naandika kwa mwandiko ule ule uliolala vizuri,
anaousifia mbele za wageni:

Gaudensi Muyinga, mchunga ng'ombe.
Mishahara ya miezi saba.
Na ekari arobaini.

Napuliza wino ukauke. Nafunga bahasha,
nusu tu, pale penye nafasi ya sahihi.

Kesho ni tarehe thelathini na moja.
Atakwenda kwa wakili na tai yake ya bluu,
atainua mkono, ataapa kuwa yote ni kweli,
atatia sahihi bila kusoma,
kama afanyavyo kila mwaka,
maana ananiamini.