Macho ya Kushoto

Ijumaa saa kumi na moja honi inalia mara mbili.
Kutoka ghorofa ya nne naliona paa la gari lake,
rangi ya fedha, kutu imeulamba ukingo.
Zviad hapandi ngazi. Tulikubaliana hivyo,
au tulichoka hivyo, sikumbuki.

Gari lilitoka Japani. Usukani uko kulia
katika nchi ambayo nayo huendesha kulia,
kwa hiyo dereva hukaa kando, karibu na mtaro,
na lori likiwa mbele haoni ila lori.
Bei ilikuwa nafuu. Tulilinunua pamoja
mwaka Tornike alipoota meno,
na kiti cha kushoto kilikuwa changu:
mimi nilichungulia, mimi nilisema
bado, bado, sasa.
Mara moja nilisema *sasa* mapema.
Basi la Zestaponi lilitupita kwa upana wa kiganja
na hatukuongea hadi Kutaisi.

Leo kiti kile kina Tornike, miaka tisa.
Nilijua kwenye supu, Jumapili moja,
alipoweka kijiko chini, kifua mbele:
"Mama, mimi ndiye macho ya baba.
Mlimani Rikoti nimempitisha malori sita.
Moja lilibeba nguruwe."
"Nguruwe!" akaitikia Tekle, wa miaka minne,
ambaye huketi nyuma, na ambaye mkanda wake,
alinieleza, ni wa kulalia.

Usiku ule niliandika ujumbe.
Zviad, mtoto si kioo cha pembeni.
Nikafuta. Niliandika matairi. Niliandika
kile kijichuma ulichochomeka kwenye kifungo cha mkanda
ili gari liache kulalamika.
Niliandika mama yako, asiyehusika.
Nikafuta yote, nikatuma:
*Mkanda wa Tekle tafadhali.*
Akajibu kwa kidole gumba.

Nisimsingizie. Halewi. Hakimbizi gari.
Kaka zangu husema anaendesha kuniliko.
Ninachoogopa ni siku ya kawaida tu,
lori la saruji, kona, mvua ya Machi,
na mtoto anayetaka kumpendeza babaye
akisema *sasa*
nusu pumzi kabla ya sasa yenyewe.

Wakirudi nawavua makoti,
na viatu havijakauka nimeshaanza:
Mlilala wapi? Nani alikuwepo?
Huyo Irma, alipika? Baba alicheka?
Wiki ile Tornike alinitazama kitambo,
kama mtu anayepima barabara.
"Njia nyeupe, mama," akasema,
akaenda kunawa mikono.
Nami nikabaki na koti lake dogo mkononi,
nimejificha nyuma ya lori langu.

Ijumaa iliyofuata nilishuka na kiti cha Tekle.
Nikafungua mlango wa kushoto, nikakaa.
Alama za visigino vya mtoto kwenye dashibodi.
Maganda ya alizeti.
Mguu wangu ukatafuta breki isiyokuwepo.
Zviad alipowasha, sauti ya kike ikatusalimu kwa Kijapani,
ile ile, miaka minane, hatujui inasema nini.

"Atakaa nyuma," nikasema.
Mbele yetu palikuwa na ukuta wa gereji, na paka.
"Na nani ataniangalizia?"
Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza
kama mgeni anayeuliza njia.
"Kaa nyuma ya lori. Nusa moshi wake.
Chelewa."

Tornike alisimama na begi lake, uso umemshuka
kama mtu aliyeachishwa kazi bila barua.
Hakuniaga.
Aliingia nyuma, akauvuta mkanda wa dada yake
kwa ukali, kwa ghadhabu yake yote,
hata mimi niliye nje, kioo kimefungwa,
nikausikia ukisema: *ka.*