Figa la Tatu

Hombolo, Julai. Kipupwe kinang'ata masikio.
Umeme umekatika tangu magharibi,
kompyuta imebakiwa na asilimia kumi na nne
na ndani yake nyota zangu tatu bado zinazunguka:
uzito mmoja, umbali mmoja, kasi moja,
pembetatu isiyo na mkubwa.

Mzunguko wa kwanza, hazitikisiki.
Wa tano, kama zimeshikana mikono.
Nikamwita mama aje aone.

Akafuta moshi machoni, akainama.
"Mafiga hayo," akasema. "Mawili hayainjiki chungu.
Matatu yanakaa."
Akarudi kwenye mlenda wake.

Wa nane, moja imechelewa.
Nikarudi nyuma kumsaka mwizi, nikamkuta
amekaa pale tangu mzunguko wa kwanza,
tarakimu ya kumi na sita baada ya nukta,
pale mashine inapochoka na kuikata namba mkia.
Unyayo wa sisimizi.
Lakini aliyechelewa huvutwa,
na anayevutwa naye huvuta,
na kila duru deni linazaa.

Wa kumi: mbili zimekumbatiana kwa hasira,
ya tatu imetupwa gizani.
Niliingoja hadi asilimia tisa. Haikurudi.

Mafiga, mama, yana ardhi chini yake.
Huko juu hakuna sakafu.

Shamba la zabibu tuligawana kwa kamba,
mistari arobaini na mmoja kila mtu:
Ndahani, Mlewa, na mimi.
Hakuna aliyepunjwa hata kikonyo.
Kisha nguzo moja ya waya ikaonekana imesogea,
shibiri, au pungufu ya shibiri,
labda ni mvua, labda ni mbuzi.
Tangu mavuno ya Machi
Ndahani yuko Manyoni na hapigi simu.

Kanuni naijua. Naichukia.
Pembetatu hudumu mmoja akiwa mzito,
awazidi wale wawili, kwa pamoja,
mara ishirini na tano hivi.
Baba alikuwa mzito hivyo.
Tulimzunguka miaka yote
tukidhani kilichotushika ni usawa wetu.

Asilimia mbili.
Jikoni chungu kimeyumba, mlenda umemwagika kidogo, moto ukafoka.
Mama, bila kutazama, bila kuacha kukoroga,
akalisukuma figa la tatu kwa kisigino chake kikavu,
upana wa kidole gumba, likarudi.

"Huwa unafanya hivyo kila jioni?"
"Jioni ipi? Kila nikikoroga."

Kioo kikazimika.
Milinganyo kurasa sita, na sikuweka popote
kisigino.

Nje, nyota zile za kweli, nyingi, zisizo sawa.
Simu ina mstari mmoja wa mtandao ukisimama karibu na tangi la maji.
Nimesimama hapo.
Naitafuta namba ya Manyoni.