Paa Jepesi

Kiwanda cha fataki hujengwa hivi, nje ya kijiji,
mbali na nyumba, mbali na barabara ya mabasi:
kuta nene za mawe ya chokaa,
halafu paa jepesi, mbao na mabati tu,
ili siku baruti ikikasirika
hasira isimfuate mtu wa chumba cha pili.
Ipande juu. Ndiyo maana likaitwa paa, alisema baba:
lipae.

Likapaa. Jumanne, saa nne na robo asubuhi.
Nilikuwa darasani nachora ramani ya Malta,
kisiwa cha Gozo hakijakauka wino.
Vioo vililia mara moja.
Mwalimu Ċensa akaketi bila kutafuta kiti.

Miaka ishirini na sita. Sasa mimi ni karani wa posta
mwenye kamera ya mkopo niliomaliza kuulipa Februari,
na huja hapa usiku, kupitia mwanya wa ua wa mpungate,
wenye vile viiba visivyoonekana
vinavyokaa mkononi wiki nzima.
Kepa zimeota palipokuwa na mizani.
Mjusi amehamia kwenye soketi.
Mlangoni imebaki rangi nyekundu: USI—
na kilichokatazwa kimeondoka na ukuta.

Vijana wa Sliema huja pia, na tochi za zambarau.
Wanatafuta mzimu. Juzi mmoja alinionyesha simu yake:
“Tazama, dada, yule mweupe pembeni.”
Nikatazama. Koti langu la mvua.
Sikumwambia.

Maana najua mizimu inavyotengenezwa.
Fungua jicho la kamera sekunde thelathini,
nenda kasimame, hesabu hadi kumi, ondoka.
Anayekaa kidogo hutoka nusu:
ukuta huonekana kupitia kifua chake.
Nilisimama penye meza ya baba,
mikono mbele, kama anayechekecha,
nikahesabu.
Akatoka mtu wa moshi, mabega yale yale.
Nikamfuta.
Nikapiga nyingine. Hiyo sikuifuta.

Leo ni sikukuu. Kijiji kizima kiko uwanjani
na haluwa ya lozi; bendi inagombana na kengele;
wanaume wanane wamembeba mtakatifu
wakitweta kana kwamba amekula mwaka mzima.
Mjomba Nazzarenu, mwenye vidole saba,
yuko shambani na nyaya zake.

Mimi nimelala chali kwenye sakafu ya baba.
Kamera kwa miguu yake mitatu imeinua uso juu.
Kuta nne, na katikati mraba wa giza
ambao hakuna aliyewahi kuuezeka tena.

Fataki ya kwanza ikapanda kimya, ikafikiri, ikapasuka.
Mwanga ukaingia kwa njia ile ile
ambayo yeye alitokea.
Kijani: kepa, mjusi, USI—, viganja vyangu.
Kisha mshindo, umechelewa, kama kawaida ya mshindo.

Miaka yote nimeziona fataki kwa kitundu cha kamera,
jicho moja, pumzi imebanwa.
Leo waya wa kufyatulia ulinitoka mkononi.
Sijui nilitazama kwa muda gani.
Jicho la kamera likabaki wazi, likala kila kitu,
na picha ikatoka nyeupe, karibu yote,
isipokuwa pembeni, mstari mmoja wa kijani
juu ya kipande cha ukuta.

Jikoni mama alinigeuzia sikio lake zima.
Akaishika kamera mbali, kama sahani ya moto.
“Kijani hiki kimepauka,” akasema.
“Nazzarenu ana haraka na bariamu.
Baba yako asingekiachia kitoke hivi.”

Nikanyoosha mkono niichukue. Hakuitoa.
“Hapa, ukutani. Pakuze.”
Nikapakuza.
“Tena.”
Nikapakuza mpaka pakawa punje tupu,
na yeye ameinamia, miwani juu ya kipaji,
“Tena,” anasema, “tena kidogo.”