Geuza Kidogo

Nimepangiwa Kigogo, nyumba kwa nyumba,
mkoba wa spana begani, na karatasi ya maswali matano:
Una TV? Ya chogo au bapa?
Una antena? Una king'amuzi?
Unajua mitambo ya zamani inazimwa lini?

Tarehe wote wanaijua,
hakuna anayeiamini.
"Watu wa tarehe tunawafahamu," muuza mkaa ananiambia,
"hata barabara hii ilikuwa na tarehe."
Nacheka. Naandika: HAJAJIANDAA.

Kwa Mama Ndeonasia chogo limeshatolewa nje,
kuku ametaga juu yake.
Lirudisheni ndani, nasema, chogo halina kosa,
kinachobadilika kiko hewani.
Napangusa vumbi kwa kiganja: matundu haya hapa,
jekundu, jeupe, la njano, waya wake unakuja na king'amuzi.
Na msinunue kwa mtu wa kupita. Daini risiti, muitunze.
Mtoto anauliza: kwa hiyo rimoti zitakuwa mbili?
Mbili.
Anatoka mbio kumwambia kaka yake
kwamba vita imekwisha.

Nyumba ya kumi na nne, kule chini mtoni,
Bi Siwatu hakunikaribisha kiti.
"Antena usiiguse."
Nikatazama juu: bomba la maji limefungwa kwa waya kwenye kenchi,
mbavu za alumini, mbili zimepinda,
na katikati mfuniko wa sufuria uliotobolewa kwa msumari.
"Mfuniko wangu," akasema. "Kombo aliuiba, wali ukaiva kwa sahani.

Yeye juu, mimi dirishani.
Geuza! Nageuza!
Kidogo! Hivi?
Umepita, rudi, hapo, hapo hapo, usipumue!
Akishuka tu, chenga.
Kuna siku taarifa ya habari ilimkuta juu ya bati mpaka ikaisha,
kakumbatia bomba, mimi namsimulia:
huyu kavaa tai, huyu mnene, huyu analia."

Nilikuwa na maelezo yangu.
Tulifundishwa siku mbili, chai na maandazi:
dijitali haina chenga,
picha ipo, au haipo.
Nikayasema yote kama nilivyoyakariri.

"Yaani haiumwi kwanza?"
Haiumwi, Bibi. Inakata tu.
"Kama yeye, basi,"
akarudi kwenye ungo wake, akaendelea kuchambua mchele.

King'amuzi alikuwa nacho, mwanawe kaleta kutoka Kariakoo,
bado kimo kwenye nailoni yake.
Nikaunga waya. Kioo cheusi, maandishi meupe:
hakuna mawimbi.
Mkobani nilikuwa na antena mpya, inang'aa kama kijiko cha harusi.
Sikuitoa.
"Nikiigeuza tu, nitakuwa nimeigusa?"
Alikaa kimya kiasi cha kuokota kokoto tatu.
"Panda."

Saa saba mchana, bati linachoma hadi kwenye soli.
Nikalishika bomba pale lilipolainika,
pale mkono mwingine ulipozoea.
Kimya huko chini. Kisha dirisha likalia kwa kutu:
"Geuza!"
Nageuza.
"Kidogo!"
Hivi?
"Umepita! Wewe nawe! Rudi!"
Nikarudi unene wa ukucha.
Hakusema hapo.
Nikasikia tu mwanamke wa matangazo akisifu sabuni,
sauti safi, kama yuko mle chumbani.

Nilishuka taratibu, nikihofia.
Bi Siwatu hakuwa anatazama TV. Alikuwa anatazama dari.
"Umeshuka?"
Nimeshuka.
"Na imebaki."
Imebaki, Bibi.

Akaniletea kiti wakati naondoka.
Nikakaa kidogo, kwa adabu, nikanywa maji,
nikaandika: NA. 14, TAYARI.

Nyumba ya kumi na tano hawana TV.
Waliniuliza kama na redio itazimwa.